Kiraka cha Mbeleko

Kosa lilikuwa la neno moja tu, nami nililifanya kwa kiburi. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne, nimesoma madarasa manne katika shule ya misheni kule kwetu upande wa Ihanja, na katika tembe zote za jirani hapakuwa na mwanamke aliyenizidi Kiswahili. Kwa hiyo yule Mzungu aliyefundisha kushona, tuliyemwita Bibi ingawa hakuwa na mvi hata moja, alinifanya mkalimani wake. Yeye husema Kiswahili chake cha vitabuni, mimi nakigeuza Kinyaturu, na akina mama, mama yangu akiwemo, wananitazama mdomoni. Nililipenda jambo hilo kupita kiasi.

Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha, lakini nguo zilikuwa bado adimu. Kitambaa cha marekani ukikipata mjini Singida, ni baada ya kushinda mlangoni kwa Mhindi kutwa nzima. Watu walivaa viraka juu ya viraka, na kiraka kilikuwa aibu. Mgeni akija, mwanamke aliivuta nguo yake ili penye kiraka pabaki nyuma.

Siku moja Bibi alitueleza kwamba wanawake wa nchi nyingi wanashona blanketi moja. Kila nchi itapeleka viraka vyake, vitaunganishwa ng'ambo, na sisi tumo. Kila mmoja alete kiraka cha shibiri mbili, cha nguo yake mwenyewe anayoipenda, atie nakshi ya kitu cha kwao. Mpaka hapo nilikwenda vizuri. Kisha akasema blanketi hilo ni la maonyesho.

Neno hilo sikuwa nimelisikia. Nilijua kuonya mtoto na kuonyesha njia, nikajiuliza blanketi linamwonya nani, au linamwonyesha nini. Ningemwuliza tu, lakini kumwuliza mbele ya wale akina mama ilikuwa kukubali kwamba sijui, na hilo sikuliweza. Nikatunga. Blanketi la viraka, tena la kuchangiwa na dunia nzima, litakuwa la nani kama si la mtu aliyekosa kabisa? Nikawaambia kwamba ng'ambo kuna mwanamke hana cha kujifunika, na baridi ya huko inaua. Wakasikitika. Mmoja akauliza kama hana ndugu. Nikasema hana.

Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Nguo yake nzuri ilikuwa moja, mbeleko, kaniki nzito aliyotubebea sisi watoto wake wote. Katikati ilikuwa imechakaa, pale tulipokaa mmoja baada ya mwingine, ila pembe zilikuwa bado imara. Nilimkuta ameketi nje, amekwisha kuikata pembe moja, ile ya kufungia kifuani. Nikamwambia hata kitambaa cha zamani kingefaa.

"Mwenye baridi humpi nguo iliyochoka," alisema. "Mimi jua ninalo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Nilikaa karibu naye nikimtungia uzi kwenye sindano, naye akashona kinu na mchi kwa uzi mweupe. Kilikuwa kinu kizuri, kimekaa sawasawa.

Mdogo wangu alizaliwa, msichana. Mbeleko haikufungika tena vizuri, hivyo Mama aliishonea kipande cha gunia pale palipokatwa. Kilishika miezi michache. Asubuhi moja kisimani, alipoinama kuchota, kile kipande kilifumuka, mtoto akaangukia jiwe. Mzee wa kuunga mifupa aliufunga mkono wa kushoto kwa vijiti, lakini ulipona ukiwa umepinda. Mama hakulaumu mtu. Alisema mara moja tu, akimnyonyesha, kwamba angalau yule mwenzake wa ng'ambo naye amepata joto. Heri angenichapa.

Mwaka ulipita na zaidi. Bibi akatuita akiwa na furaha, akatoa picha katika bahasha. Blanketi lilikuwa limetundikwa ukutani katika chumba kikubwa, na watu wenye kofia wamesimama wanalitazama. Picha ilizunguka mikononi. Mama, mdogo wangu akiwa kiunoni, akakitafuta kinu chake kwa kidole mpaka akakipata. Kisha akaniuliza mbona liko ukutani, kwa nini hajifuniki mtu.

Bibi, ambaye hakuelewa, akaniuliza mama anasemaje.

"Anashukuru," nikamwambia Bibi. Kisha nikamgeukia Mama. "Wamelifua. Wamelianika."

"Ndani ya nyumba?"

"Kwao mvua haikatiki."

Akacheka kidogo, cheko la kumhurumia mtu. Akaniuliza mwenye blanketi ni yupi kati ya wale. Pembeni alikuwapo mwanamke mwenye koti jeusi, nikamwonyesha huyo. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Bado amekonda," akasema, akamrudishia Bibi picha.

Mpaka anafariki, Mama alimwombea yule mwanamke wa koti jeusi. Nilimsikia akifanya hivyo miaka na miaka, na kila mara nilitoka nje nikajitafutia kazi. Neno maonyesho nilikuja kulijua baadaye, nilipokwenda kuona ng'ombe wa serikali wakionyeshwa mjini, nikaona aibu mbele ya ng'ombe.

Mdogo wangu hanyooshi mkono huo hadi leo. Alipokuwa mdogo, watoto wakimcheka, Mama alimfundisha awajibu kwamba ulipinda kwa sababu ya kumfunika mtu wa ng'ambo. Sasa huwajibu hivyo wajukuu zake, tena kwa majivuno. Mimi huwa nimeketi hapo hapo, nasikia, na sijasema kitu.