Jukwaa Letu la Magari Lilivyofia Kwenye Magunia ya Mahindi

Mkitaka kucheka chekeni mapema, maana nikifika katikati nitaona aibu upya na ninaweza kunyamaza. Hadi leo nikipita pale kanisani kwetu kuna mama muuza maandazi ananisalimia, "Habari za injini, mwanangu?", na mimi naitikia "nzuri, mama" na kununua maandazi nisiyoyataka ili mradi tu asiendelee na salamu.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na magari ya mtumba ya Kijapani yanamiminika nchini, na sisi huku Sumbawanga tukaanza kuyaona mawili matatu, meupe, yanang'aa, mpaka vumbi letu liyakaribishe. Mimi nilikuwa nauza spea kwenye duka la mjomba. Plagi nazijua, bushi nazijua, breki pedi nakutajia ni ya gari gani kwa kuipapasa tu. Ila kuendesha sasa (tusikimbizane, nitafika huko).

Basi ikafunguliwa kafe ya intaneti mjini, vikompyuta vichache na foleni hadi barazani, na mimi kwa kiherehere changu nikaanzisha jukwaa la mtandaoni, nikaliita Wapenda Magari wa Ufipa. Mwenyekiti mimi. Jina langu pale halikuwa Deo, lilikuwa Rubani wa Nyanda za Juu. Na juu kabisa nikaweka swali ambalo kila anayejiunga lazima alijibu: unaendesha nini? Na kwa kuwa mwenyekiti anatakiwa kutoa mfano, nikaandika, "Gari dogo la saluni, jeupe, mali yangu." Hapo tu ndipo nilipojimaliza.

Watu wakajiunga, tukafika tisa. Kuna aliyejiita Spidi Mia na Themanini, kuna Moto wa Injini, kuna jamaa wa Matai aliyejiita Bwana Gia, na kila mmoja ana saluni nyeupe. Nikasema basi, kumbe ndiyo magari yanayotoka siku hizi. Tukaweka na sharti la picha, umesimama na gari lako. Mimi nilikuwa nimeshapiga ya kwangu kwa Fundi Kizito, mwenye gereji jirani na kwetu, ambaye alikuwa na gari jeupe la mteja lililokaa pale muda mrefu. Nikaegemea mlango wa kushoto, palipobonyea, ili pasionekane.

Sasa mtaniuliza, mwenyekiti, hukuziona picha za wenzako? Ndugu zangu, ninyi hamkuijua intaneti ya kwetu wakati ule! Picha ilikuwa inashuka kutoka juu kama inashushwa na kamba. Unaona anga, unasubiri, unaona paji la uso la mtu, unasubiri, unaona paa la gari, jeupe, safi kabisa, halafu muda wako umeisha na mwenye foleni amekusimamia kichwani, au umeme umekatika. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona tairi la mwenzake. Tulikuwa tunasifiana mapaa. "Mshikaji, paa lako si mchezo!" "Poa, mwanangu, nalipiga nta."

Mambo yakaharibika siku Bwana Gia alipoandika, "Tutapigiana maneno hadi lini? Tukutane na magari yetu." Wote wakaitikia kwa mbwembwe, na mwenyekiti ningekataaje? Nikapendekeza Jumapili ya mavuno, kabla ya misa, tuyapange magari kwenye uwanja wa kanisa padre ayabariki, maana kwetu gari jipya lisiponyunyiziwa maji ya baraka watu wanaliogopa kulipanda. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: wenzangu watakuja na yao, mimi nitasema la kwangu liko gereji. (Na ni kweli lilikuwa gereji. Ila tu halikuwa langu.)

Nikamwambia padre. Padre akafurahi kuliko nilivyotaka, na Jumapili iliyotangulia akatangaza mbele ya kanisa zima kwamba wiki ijayo tutabariki magari ya vijana wetu, "wakiongozwa na Deo, mtoto wa mama Deo." Mama yangu akapiga kigelegele humo humo kanisani. Lazima niwaeleze kuhusu mama. Miaka yote alikuwa anakwenda misa kwa miguu, na mwenzake wa jumuiya, mama Regina, analetwa na mwanawe kwa pikapu, anashushwa mlangoni, na kila Jumapili anamuuliza mama yangu, "Umefika salama, jirani? Pole na vumbi." Sasa mama akamgeukia akamwambia, "Wiki ijayo tutakutana hapo mlangoni." Akanunua kitenge kipya. Mimi kila nikikiona kile kitenge kimekunjwa kitandani natoka nje.

Jumamosi mchana nikaenda kwa Fundi Kizito kuazima gari pamoja na dereva, yaani yeye. Nikamkuta mwalimu Vitalis wa shule ya msingi amekaa juu ya tairi, na pembeni Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake wana ng'ombe huko bondeni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Na wewe umefuata hilo jeupe?"

Nikamtazama Vitalis, Vitalis akatazama viatu vyake. Masanja akavua kofia akasema taratibu, "Mimi ndiye Moto wa Injini." Vitalis akakohoa. "Spidi Mia na Themanini," akasema, kama anaitwa mahakamani. Tukaendelea kukaa, na kila baada ya muda anaingia mwingine, anatuona, anataka kugeuka, tunamwambia karibu tu, kaa. Wa mwisho alikuwa Bwana Gia mwenyewe, aliyetoka Matai juu ya lori la mahindi, pumba hadi kwenye nyusi.

"Wewe si ndiye uliyesema tukutane na magari?" Vitalis akamuuliza kwa hasira.

"Nilijua nyie mnayo!" akasema. "Mimi ningesema langu liko gereji."

Fundi Kizito alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema mwaka mzima watu wanakuja kupiga picha pale, wote wanaegemea palipobonyea, alidhani ni mtindo. Kisha akasema atatuazima, ila tujue halina injini, injini ilipelekwa Mbeya na haijarudi. Mimi, muuza spea, nilikuwa nimeliegemea gari lile mara ngapi, na boneti sikuwahi hata kuligusa!

Ningeenda kumwambia mama ukweli jioni ile, mkasa ungeishia hapo. Lakini Vitalis, mwalimu wa hesabu, akasema kutoka gereji hadi kwetu ni tambarare, na kutoka kwetu hadi kanisani ni mteremko, kwa hiyo kitaalamu injini haihitajiki. Tukaona ana akili.

Jumapili asubuhi, baridi ile ya kwetu inayong'ata masikio, wenzangu wanane wamevaa mashati ya pasi wanasukuma, mimi nimeshika usukani kwa mara ya kwanza maishani. Mama akatoka na kitenge chake, akaketi mbele, akajinyoosha.

"Na hawa je?"

"Wenzangu wa jukwaa, mama. Wanatusindikiza."

Tukaondoka. Mama akasikiliza kidogo, akasema, "Linakwenda kimya."

"La Kijapani, mama."

Mteremko ulipoanza wenzangu wakakimbia kidogo, kisha nikawasikia wanaita, kisha sikuwasikia tena. Fundi alinielekeza nikanyage pedali ya katikati, yaani breki, na pedali zote tatu nimeziuza dukani mara nyingi tu, lakini mguu wangu ukaenda kwenye klachi na ukakaa huko huko nikiisukuma kwa nguvu zangu zote. Nikamwona padre amesimama uwanjani na ndoo ya maji ya baraka, kwaya imejipanga, mama Regina yuko mlangoni, na mbele yao magunia ya matoleo ya mavuno, mahindi na ulezi. Kwaya ikaanza kuimba, ikaona hatupunguzi mwendo, ikakimbia ikiwa bado inaimba. Tukayavaa magunia. Puu! Ulezi ukamwagika uwanja mzima, boneti likafunguka lenyewe, na pale penye injini akatoka kuku wa Fundi Kizito, alikuwa ameatamia humo, akarukia mabega ya padre kwa hasira.

Waumini wote wakachungulia kwenye lile shimo, wakaona mayai.

"Deo," padre akasema, anafuta manyoya, "nibariki gari au nibariki kuku?"

Uwanja ulilipuka. Mimi sikuwa naangalia uwanja, nilikuwa naangalia kitenge cha mama kilivyojaa vumbi la pumba, na nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu mama Regina alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka.

Mama akasema, "Nizungukie unifungulie mlango." Nikazunguka. Akashuka polepole, akajipangusa, akawatazama wenzangu wanaofika mmoja mmoja wanahema, akamwendea mama Regina.

"Wewe umeletwa na mmoja," akamwambia. "Mimi nimeletwa na tisa."

Akaingia kanisani.

Baada ya misa na kuokota ulezi punje kwa punje (kuku hakutusaidia, alikula), nilimkuta mama ameshaketi tena kwenye gari. Masanja akajitolea kuleta ng'ombe wavute. Mama akamwambia, "Ng'ombe hawakunidanganya. Mtasukuma ninyi." Tukasukuma mlima wote, na padre alituaga kwa kutunyunyizia maji yaliyobaki migongoni.

Njiani nikamuuliza kupitia dirishani, huku nasukuma mkono mmoja kwenye usukani, "Mama, ulijua lini?"

"Pale pale nyumbani. Mimi nimepanda malori ya mahindi toka kijiji cha Kate tangu wewe hujazaliwa, nisijue mngurumo?"

"Sasa ulipandia nini?"

"Wenzako walikuwa wamepiga mashati pasi."

Jukwaa likafa siku ile. Hakuna aliyeandika tena, isipokuwa mpiga picha wa kanisani, ambaye baadaye aliweka picha moja. Nilikwenda kafe nikaifungua, ikaanza kushuka: anga, paa jeupe, kilemba cha mama dirishani, meno ya mama yote nje. Siku hiyo umeme haukukatika na nyuma yangu hapakuwa na foleni. Ikashuka yote hadi chini, hadi tairi, na nyuma ya tairi wanachama wote tisa tumeinama, tunasukuma.

Mimi siku hizi mtu akiniuliza naendesha nini, namwambia naendesha duka.