Kifua cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikaa nyumbani kwetu Nyakabiga karibu mwaka mzima, na muda huo wote sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Alikuwa amekimbia risasi za mtaa wa Kinama na furushi moja tu. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Kila mara nilikohoa kabla ya kuingia, yeye akajifunika kitenge akatokea mlango wa nyuma. Salamu alizipeleka mke wangu. Vita ilitubana katika vyumba viwili, lakini adabu hatukuiacha. Nyinyi chekeni tu.

Jumapili moja mji ulikuwa umenyamaza vibaya. Hata redio ya jirani haikulia, na moshi ulikuwa unapanda upande wa kaskazini. Watu walirudi misa mbiombio, wakafunga milango. Mke wangu akanieleza kwamba kifua kinambana mama yake. Tulikuwa tunajadiliana tupitie barabara ipi kwenda hospitali, maana askari walikuwa wameweka vizuizi kila mahali, tukasikia kitu kizito kinaanguka jikoni.

Alikuwa chali kando ya mbabula, makaa bado yanawaka. Macho wazi, hayatazami kitu. Nilimwita, hakuitika. Alivuta pumzi moja ya kukoroma, kisha kimya, kisha nyingine. Jirani aliyekuja mbio akasema mbona huyu anapumua, amelishwa sumu, leteni maziwa. Sumu! Kwetu kila anayeanguka amelishwa sumu. Nilimfukuza yeye na maziwa yake. Mimi nilikuwa fundi wa nguzo za umeme, na kazini walitufundisha: mtu akikoroma hivyo bila kuitika, moyo umesimama, usingoje, kandamiza kifua. Nilikuwa nimemfanyia hivyo mwenzangu aliyepigwa na umeme, akaamka.

Lakini mwenzangu hakuwa mama mkwe wangu. Nilisimama mlangoni.

"Mushike," mke wangu aliniambia. "Mi nakuambia, mushike mama."

Liwalo na liwe. Nilipiga magoti, nikaondoa kitenge, nikaweka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake. Mikono nikainyoosha, nikakandamiza kwa nguvu na kwa haraka, nikiacha kifua kiinuke kila mara. Mbavu zililia chini ya mikono yangu. Sikuacha. Nikimpa nafasi, mke wangu aliziba pua ya mama yake akampulizia hewa mdomoni. Jirani mwingine, muuza ndagala, alileta kamioneti yake, tukampandisha nyuma, nikaendelea humohumo, magoti yangu katika maji ya samaki. Mpaka kwenye kizuizi cha kwanza hatukukutana na mtu.

Hapo askari wakatusimamisha. Wakaamuru mikono juu. Dereva akainua, mke wangu akainua. Mimi sikuinua. Askari mmoja akazunguka nyuma, akaleta mtutu karibu na sikio langu mpaka nikasikia harufu ya mafuta ya bunduki.

"Nikiinua mikono, anakufa," nilisema, huku naendelea.

Aliuliza huyo ni nani wangu.

"Ni mama mkwe."

Alirudi nyuma kama amemwagiwa maji ya moto. Aliitazama mikono yangu, akakitazama kifua kilicho wazi, kisha akageuza uso. Kwetu hakuna mwanaume atakayetunga uongo wa namna hiyo. Akawaambia wenzake waondoe magogo.

Hospitalini wauguzi walichukua nafasi yangu. Walidunga sindano, wakakandamiza, wakabadilishana, mwishowe wakaacha. Nilimkasirikia kila mtu siku ile, hata Mungu.

Kesho yake wanawake walioosha maiti walitoka wananong'onezana. Walikuwa wameona kifua kimevilia damu na mbavu zimevunjika. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alisimama mbele ya waombolezaji akauliza, bila kupandisha sauti, nani amempiga mama. Miaka ile watu walikuwa wanauawa kwa neno dogo kuliko hilo. Wenye viti karibu nami walisogea. Nilikuwa nainuka nijibu, mke wangu akanitangulia.

"Ni mikono ya bwana wangu," alisema. "Ilimutafutia mama uhai toka jikoni mpaka hospitali. Anayetaka kuikata aanze na yangu."

Akawasimulia yote, kitenge, kamioneti, mtutu wa bunduki. Shemeji alikuja akaketi kwenye kiti kilichoachwa wazi kando yangu, akaniuliza polepole kama mama alizinduka hata mara moja, kama aliona kwamba hatukumwacha.

Nilitamani sana kumdanganya. Nikamwambia, "Apana."