Niliurudisha mrija wa baba mkwe kwa sababu ya doa la shavuni

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Gitega ni ndogo na Muyinga ni ndogo zaidi. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, fundi baiskeli hapa Gitega, Burundi. Nilizaliwa kambini Tanzania, nikarudi na mama yangu amani ilipopatikana. Nina mchumba Muyinga, tumwite Goreti.

Shida ilianza na doa. Liko kwenye shavu la kushoto, jeupejeupe, upana wa kizibo cha soda. Haliwashi, haliumi, nikajiambia ni fangasi tu. Goreti, ambaye huniita sheri, yaani mpenzi, ndiye aliyenichokoza: "Sheri, kwenye picha za harusi utageuzia upande gani?" Tukacheka. Nikaona isiwe tabu, nikaenda kwenye saluni moja ya urembo wanayoiita spa. Mimi na kucha zangu za grisi, nimelazwa kwenye kiti katikati ya akina mama! Nilijiona bwege kwelikweli.

Dada aliyenihudumia alinisugua uso, akanipaka udongo wao, kisha akaleta taulo la mvuke. Lilipogusa shavu la kulia niliruka. "Dada, unaniunguza!" Akaomba radhi, akalihamishia kushoto. Nikatulia. Baadaye akauliza polepole, "Kaka, huku haiunguze?" Nikamwambia huku ni sawa kabisa. Akaniambia nifumbe macho, akachukua pini ya nywele. "Hapa unasikia?" Nasikia. "Na hapa?" Nikamwambia anza basi, mbona nasubiri.

"Kaka, nimeisha kukuchoma mara tatu."

Nikafumbua macho. Akaniinamia sikioni ili wale mama wasisikie. "Mi si daktari. Lakini babu yangu ilianza hivi hivi. Ilikuwa ukoma. Siku hizi dawa iko, watu wanapona. Enda hospitali kesho, usikawie." Nilimtukana, Mungu anisamehe. Nikamwambia amezoea kutisha wateja ili warudi. Nikatoka na udongo umekauka nusu ya uso, watu wananishangaa barabarani.

Hospitali sikwenda. Niliogopa, sina neno lingine. Kila asubuhi kabla ya kazi najichoma na sindano palepale, nikiomba niumie. Siumii. Na sasa kidole kidogo cha mkono wa kushoto nacho kimeanza ganzi.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kwenda Muyinga kupanga mahari. Nilikwenda na mjomba wangu. Walitupokea vizuri, mtungi wa impeke, pombe yetu ya mtama, ukawekwa katikati. Mzee, baba yake Goreti, akanyonya kidogo, kisha akanipa mrija wake mwenyewe. Kwetu hapo ndipo unapokuwa mtoto wa nyumba. Niliupeleka mdomoni. Ulipogusa midomo nikaona uso wa yule dada wa saluni. Nikaurudisha. "Baba, samahani, tumbo linanisumbua."

Msiojua desturi yetu, kuurudisha mrija wa mwenye nyumba ni kumwambia mbele ya watu kwamba umeogopa sumu yake. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, mtungi wangu una nini?" Kaka yake mzee akadakia, "Hawa wa kambini ndivyo walivyo. Walirudi tukawapokea, mpaka leo wanatuona wauaji." Mjomba wangu akainamisha kichwa.

Goreti alikuwa amesimama mlangoni na mama yake. Akaja mbio, akapiga magoti, akaunyakua mrija uleule kutoka mkononi mwa baba yake. "Baba, ni mgonjwa kweli. Mimi namnywea." Akanywa, akanywa tena, watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani kupiga kelele nikashindwa kufungua mdomo. Mrija ulikuwa umetoka midomoni mwangu.

Jana akanipigia. Hakuniita sheri. "Nilinywa aibu yako mbele ya wazee wangu. Baba anasema Jumamosi hii urudi, unywe mbele ya wote, la sivyo yaishe. Niambie kitu kimoja. Uliogopa sumu yetu?"

Nikasema hapana, naapa.

"Sasa uliogopa nini?"

Nilikata simu. Ndiyo, mwanaume mzima, nikakata simu. Amepiga mara nne, sijapokea.

Najua mtaniandikia mficha maradhi kifo humuumbua. Semeni tu, nimestahili. Lakini jiwekeni mahali pangu. Nikinywa bila kusema, huenda nawapa ugonjwa watu waliotaka kuniita mtoto wao. Nikikataa tena, nimewaita watia sumu. Nikisema ukweli, nani atampa binti yake mtu wa kambini mwenye ukoma? Sijui hata kama ndio wenyewe, wala sijui kama mrija unaambukiza. Na Goreti nimwambie nini, yeye aliyekunywa kwa ajili yangu?

Wenye uzoefu na ugonjwa huu, na wazazi wenye mabinti, nishaurini bila kunionea haya. Nifanye nini? Leo ni Alhamisi.