Uso Ulikuwa wa Mama

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo mwili unanisisimka. Nilikuwa binti muuza mitumba mjini Singida, miaka ile ya ruksa, kila mtu na biashara yake. Nilijiona mjanja, nakwambia! Nikamtoa mama kijijini Ilongero kumpeleka hospitali kubwa kwa ajili ya kidonda cha ufizi kilichokataa kupona, palepale alipozoea kubana tumbaku yake.

Daktari aliniita peke yangu. Akasema ni kansa. Akapitisha kidole kwenye mdomo wake mwenyewe kunionyesha: "Tutapasua mdomo wa chini hapa katikati, tushuke kidevuni, tulifunue shavu mpaka taya lionekane. Tukishaondoa ugonjwa, shavu tunalirudisha na kulishona."

Hilo la kurudisha wala sikulisikia. Niliuona tu uso wa mama umefunuliwa, nikainuka kwenda zangu. Nilipotoka mama akauliza, "Amesemaje?"

"Ni jino tu, mama. Twende nyumbani."

Kwetu mgonjwa alikuwa haambiwi, tukidhani ndiyo huruma.

Miezi miwili niliishi na hofu. Kila nikimpelekea uji naliangalia lile shavu, linazidi kuvimba. Siku meno mawili yalipolegea kwa mpigo nikashindwa, nikaangua kilio, nikamwambia yote.

Hakulia. Aliniuliza, "Uso huu ni wangu au wako?"

"Wako, mama."

"Sasa umeuogopea kwa ruhusa ya nani? Nifungie nguo zangu, tunarudi."

Daktari alimpima, safari hii akatueleza sote wawili. Mara ya kwanza angeondoa ukingo wa taya tu. Sasa kansa ilikuwa imeingia kwenye mfupa, na kipande kizima kikakatwa. Shavu walilirudisha kweli, likabaki kovu jembamba. Lakini mama hakutafuna tena nyama wala mahindi hadi alipofariki, miaka mingi baadaye. Chakula chake nilikiponda mimi, na hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana!

Basi mwanangu, kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili, kakionyeshe hospitali. Na ukiuguza mtu, usimfiche habari ya mwili wake. Kama ni kuogopa, ogopeni wote wawili, mkiwa njiani kwenda kwa daktari. Mungu akupe ujasiri wa kusema kweli hata sauti ikitetemeka, na akutunzie wazazi wako wakiwa wanacheka na wewe mezani. Amina.