Nilivyobatizwa Nikiwa Nimekwenda Kula Kuku

Habari hii nimeificha miaka mingi, lakini shemeji yangu ameanza kuisimulia kwenye misiba, na yeye anaongezaga chumvi, kwa hiyo bora mniaibishe kwa maneno yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa sokoni, sabuni imerudi madukani, na kwenye kisiwa kimoja huko mbele ya Musoma mzungu akajenga hoteli yenye bwawa la kuogelea (ziwa lote limemzunguka, yeye akachimba bwawa, lakini mimi ni fundi pampu, sikuuliza). Nilikuwa nakaa Nyasho, namposa Nyangeta wa Bweri. Baba yake alishakubali. Mama yake alisema neno moja tu, tena akiwa nyuma ya mlango, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawakaliani uso kwa uso: "Binti yangu haolewi na mtu ambaye hajabatizwa." Na mimi ubatizo nilikuwa naahirishaga tu, mara kazi, mara mafua, mwaka wa pili huo unaisha, na nimeshasikia kuna mwalimu mmoja wa Bunda, ana baiskeli mpya na cheti cha ubatizo, ameanza kupitapita pale nyumbani.

Basi Jumamosi moja nikaitwa kisiwani, pampu ya bwawa imegoma, nikaitengeneza tangu asubuhi, maji yakazunguka, meneja akafurahi akasema, "Fundi, leo chakula chako ni pale bwawani, pamoja na wageni." Nikaenda. Mhudumu akanizuia.

"Kaka, hapa watu wanakula na nguo za kuogelea. Halafu hiyo ovaroli yako inanuka dizeli."

Hapo ndipo ningesema nileteeni kuku wangu jikoni, na leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nilikuwa nimevaa bukta nyekundu ya mtumba ndani, mpira wake ulishakufa zamani, nilikuwa naibana na pini kiunoni, nikaona na mimi nimo. Nikavua ovaroli, mhudumu akaipeleka jikoni, nikakaa kwenye kiti cheupe mbele ya nusu kuku na chipsi. Kati yangu na yule kuku, yeye ndiye aliyekuwa amefunikwa vizuri, na kachumbari.

Nilimega paja mara moja tu. Nikasikia sauti za watu wanapanda kutoka gatini, nikageuka, naona kwaya ya Bweri, majoho ya kijani, wamealikwa kuimbia wageni wakati wa chakula. Aliyetangulia mbele, kanga begani, ni mama yake Nyangeta.

Kwetu mama mkwe hakuoni hata kifua wazi, sembuse bukta. Kama angeniona vile, ile posa ilikuwa imekufa siku hiyo hiyo na mwalimu anaegesha baiskeli. Sikufikiri, nikaruka kwenye maji. Nilipokuwa nanyanyuka kwenye kiti nilisikia kitu kimeachia kiunoni, na nilipotua chini nikajua ni pini.

Kwaya wakajipanga ukingoni, penye ngazi za kutokea, hapo hapo. Walikuwa wamepangiwa nyimbo nane. Mimi nimesimama maji yamefika kifuani, mikono yote miwili iko chini imeshika bukta, kichwa nimekiinamisha asinione sura, midomo inatetemeka kwa baridi. Wimbo wa nne kunguru akatua kwenye sahani yangu akaondoka na paja, na nasema wazi kwamba nililia, maana nilikuwa sijala tangu jana.

Wimbo wa sita nikachungulia, nikaona mama mkwe anamnong'oneza mwinjilisti wao. Mwinjilisti akanitazama muda mrefu, akavua viatu, akaingia majini na suruali yake.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Mafuru."

"Mafuru, unamkubali Bwana?"

Mama mkwe yuko hatua tatu kutoka pale. Nikasema ndiyo. Wewe ungesemaje?

"Basi nyoosha mikono juu."

Nikanyoosha mmoja.

"Yote, Mafuru. Usimbakizie shetani mmoja."

Nikanyoosha wa pili. Akanishika shingo akanizamisha, kwaya wakapaza sauti, na mimi nilizama na bukta nikaibuka peke yangu. Yenyewe ilichelewa kidogo, halafu ikatokea juu, nyekundu, ikaelekea kwa waimbaji wa sauti ya kwanza. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ndivyo tunavyofanyaga. Mama mkwe akageuza uso, akavua kanga begani, akairusha nyuma bila kutazama.

Nikatoka nimejifunga kanga ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Wazee wakakaa, wakanitoza mbuzi mmoja na doti ya kanga mpya, lakini kuhusu ubatizo hakuna aliyepinga, kwaya nzima ni mashahidi. Nyangeta nikamwoa.

Miaka ikapita, tukapata mtoto wa kwanza, mama mkwe akaja kumwona. Alikaa chumbani, mimi sebuleni, katikati yetu pazia. Moyo ukanisuta kwa sababu nilimsikia anamwombea mjukuu na kumshukuru Mungu kwa siku ile ya kisiwani, nikaona siwezi kuendelea kumdanganya mama wa watu.

"Mama," nikasema, "siku ile sikuwa nimeguswa na Roho. Nilikuwa nimeshika bukta."

Nikasikia anambembeleza mtoto.

"Najua, baba. Nilikutambua ulivyoruka, na pini yako niliikuta chini ya kiti. Ndiyo maana nikamwita mwinjilisti, nilijua leo huna pa kukimbilia."

Tangu siku hiyo nakwenda kanisani bila kusukumwa, na chakula sili mahali popote bila mkanda kiunoni, hata hapa kwangu.