Pengo Kwenye Benchi

Wanafunzi walimwita Bi Usifute, na jina hilo alilipata kihalali. Katika chumba chake cha kuchorea, chenye meza za madoa ya rangi na dirisha lisilofungika vizuri, kifutio kilikuwa haramu kuliko sigara. Ukikosea mstari, kaa nao. Sikio limekuwa refu? Livalishe kofia. "Kosa ni lako, lilee mwenyewe," alikuwa akisema, na watoto wakawa wanaficha vifutio ndani ya soksi kama bidhaa za magendo.

Hakuwa mkali bure. Alipokuwa darasa la tano, kaka yake, kifungua mimba wa nyumba yao, alitoka asubuhi kwenda kuchukua viatu vya mama kwa fundi. Zilikuwa siku za vurugu. Watu wenye bunduki waliwasimamisha wapita njia, wakawapakia kwenye lori, na mpaka leo hakuna aliyerudi. Nyumba nayo ikachomwa na picha zote ndani yake. Binti yule alijifunza kuchora kwa sababu moja tu, amrudishe kaka kwenye karatasi, na hilo ndilo lililomshinda. Akipata paji la uso, anakosa macho. Akipata macho, yanakuwa ya mjomba. Kila mwaka sura ilizidi kwenda mbali, naye alimtamani kaka yake mpaka kifua kikamuuma. Mama yao, ambaye uzeeni alikuwa amebakiwa na jicho moja tu la kuonea, hakuchoka kumuuliza: "Bado hujampata, mwanangu?"

Mwaka mmoja yeye na mwalimu wa historia waliwahimiza kidato cha tatu waandike insha na kuchora kuhusu Holokosti, yaani maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya mikononi mwa Wanazi. Watoto walinung'unika.

"Mwalimu, hayo ni ya mbali na ya zamani. Yanatuhusu nini?" aliuliza kijana mmoja wa dawati la nyuma, bingwa wa maswali.

"Mbali kwa nani? Hao walikuwa na shule, walikuwa na mama wa kuwagombeza kama wako. Nendeni maktaba, kila mmoja anitafutie mtu mmoja. Msiniletee mamilioni, mamilioni hayachoriki."

Akapiga marufuku michoro ya moshi na seng'enge za kambi za mauaji. Alitaka vitu vya asubuhi ya kawaida: kikombe, kitana, kamba ya kuruka. Walianza kwa kusuasua, halafu wakakolea, hata yule bingwa akawa anafukuzwa maktaba jioni wafunge mlango.

Msichana mmoja mkimya, ambaye wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake, alitumia muhula mzima kuchora kwa mkaa watoto wa Kiyahudi wa darasa moja wamekaa kwenye benchi. Siku moja kabla ya maonyesho, Bi Usifute alikuwa peke yake ukumbini akibandika kazi ukutani. Alipofika kwenye ile ya Sindano, akaona pengo katikati ya benchi. Maskini, hakuwahi kumaliza, akajisemea. Walimu wa kuchora wana ugonjwa wao: mkono hauwezi kuona pengo la mwanafunzi ukatulia. Akachukua kipande cha mkaa apachike mtoto yeyote tu, binti wa watu asije akaaibika mbele ya wageni.

Mkono ukaenda wenyewe. Kichwa kikainama kidogo upande, mdomo ukakaa nusu kicheko. Akapapasa kivuli kwa kidole chini ya macho, na alipoondoa kidole, kaka yake alikuwa anamtazama.

"Kaka," alisema, "ulikuwa wapi siku zote hizi?" Akalia pale pale sakafuni, akicheka. Akilini alimwona mama akiisogeza karatasi kwenye jicho lake zima.

Alipopata nguvu, akaichukua insha ya Sindano aibandike chini ya picha. Alikuwa hajaisoma, maana insha zilikuwa za mwalimu wa historia. Iliandikwa: "Mtoto huyu namjua kwa jina na mtaa tu. Wenzake nimewaona kwenye picha zilizosalia, yeye hana hata moja. Nimemwachia nafasi yake. Tafadhali asikae mtu mwingine."

Kaka alikuwa amekalia nafasi ya mtu. Enzi hizo simu zilikuwa bado hazipigi picha. Akaweka karatasi nyembamba juu ya ile sura, akafuata mistari. Mistari ikaja, mtu akabaki chini. Akajaribu kwa mkono mtupu, akatoka mjomba.

Mlango ukafunguka. Ni Sindano, amekuja kusaidia. Akaitazama picha yake, halafu akamtazama mwalimu, macho mekundu, vidole vyeusi.

"Huyu ni nani, Mwalimu?"

"Ni kaka yangu. Nilidhani hukumaliza. Nisamehe, mwanangu."

"Una picha yake nyingine?"

"Sina."

Msichana akaitazama tena ile sura. "Basi mwache. Mimi nitaitoa picha yangu kwenye maonyesho. Si neno."

Na Bi Usifute alitamani kukubali. Asiseme mtu kwamba hakutamani! Alinyoosha mkono aibandue picha, aiviringishe, aende nayo nyumbani kwa mama. Mkono ukagota kwenye ile insha.

"Nipe kifutio," alisema.

"Mimi sina, Mwalimu. Wewe si ulikataza?"

"Soksi ya kulia."

Sindano akainama, akakitoa, kingali na joto la mguu. Bi Usifute alianza na sikio, akaja shavu, akaja mdomo wenye nusu kicheko. Macho aliyaacha mwisho, akayatazama kwa muda, kisha nayo akayafuta. Karatasi ilibaki na kijivu kidogo. Akaukusanya ule unga mweusi wa kifutio kwenye kiganja, akaenda nao hadi kwenye pipa la taka, akasimama. Akarudi, akautia kwenye leso, akafunga fundo.