Mstari wa Pinki kwenye Nati ya Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro asubuhi nikakuta gereji imefungwa. Iko Vingunguti, uchochoro wa tatu kutoka machinjioni, kwa hiyo kunguru wa pale wameshiba na hawana haraka. Wanakaa juu ya bati wanakuangalia. Nikakaa kwenye tairi bovu kusubiri. Ndani nilisikia spana ikigonga chuma, taratibu, kama mtu anayekaza kitu bila presha. Nikajua kuna fundi kaingilia mlango wa nyuma. Saa moja na robo akaja mjomba, funguo mfukoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ila hapa mie si mjomba, ni Fundi Mkuu. Mjomba utamkuta nyumbani jioni."

Akafungua. Hakukuwa na mtu ndani. Mlango wa nyuma haukuwepo pia, ni ukuta mtupu.

Sikumuuliza kitu. Naandika haya kwa wadogo zangu wa shule niliyomaliza, maana kila nikipita pale wananiuliza gari la mashindano linajengwaje na watu wasio na hela. Ana kwa ana siwezi kuwajibu. Nikisimama mbele ya watu watatu sauti inapotea, ila kwenye daftari inakuja. Nilifanya kazi miezi mitano, kuanzia nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, na nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba.

Gari lenyewe tunaliita bagi. Halina bodi wala milango, ni mifupa mitupu ya chuma yenye injini nyuma, na hushindana kwenye vumbi na mashimo ambako gari la kawaida lingelala. Kituo changu cha kwanza kilikuwa kona ya mabomba. Pale tulitengeneza kizimba, yaani ile mifupa inayomzunguka dereva ili likipinduka asibondeke. Wenye uwezo wana mashine ya kupinda mabomba. Sie tulikuwa na mchanga. Unajaza bomba mchanga mkavu mpaka lishibe, unaziba ncha zote mbili, unalipasha moto liwe jekundu, ndipo unalipinda polepole. Bila mchanga linabonyea kwenye kona, na palipobonyea ndipo litakapovunjikia siku ya siku. Mchanga ukiwa na unyevu nao, bomba linaweza kupasuka mikononi mwako. Kwa hiyo wiki mbili nzima kazi yangu ilikuwa kuanika mchanga juani na kuugeuza kama mtu anayeanika mpunga.

Kituo cha pili kilikuwa nyuma, kwenye injini tuliyoitoa kwenye gari dogo lililogongwa. Huko nilikuwa chini ya Dereva, braza Kelvin, mtu wa Moshi, karani kwenye ofisi ya mizigo siku za kazi. Yeye ndiye aliyenipa jina la Spika.

"Spika, leo umeshasema maneno mangapi?"

"Mawili."

"Hayo sasa matatu. Punguza, utapata kikohozi."

Shokapu tulitumia za bodaboda, mbili mbili kila tairi, na kiti kilikuwa cha basi tulichokikata miguu. Sehemu ya mbele hatukununua. Nyuma ya gereji kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai, na siku moja Fundi Mkuu akalivuta. Lilikuwa bagi la zamani, limekunjamana upande mmoja kama karatasi. Lilikuwa la Shomari, fundi mwenzake na dereva wake, aliyefariki nalo kwenye machimbo ya mawe miaka miwili kabla sijaja. Wote walisema nati ya usukani ilikatika kwa kuchoka, chuma ndivyo kilivyo. Fundi Mkuu akafungua usukani, ekseli ya mbele na tairodi, zile fito mbili zinazopeleka amri ya usukani kwenye matairi, moja kulia na moja kushoto.

Kelvin akatikisa kichwa. "Fundi Mkuu, hivi si vya marehemu?"

"Chuma hakina kosa," akajibu, bila kumtazama.

Sasa nieleze desturi ya pale, kwa sababu ndiyo iliyoniondoa. Ukishakaza nati kwa spana, unachukua rangi ya kucha unapiga mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye bolti. Nati ikigeuka hata kidogo, mstari unakatika, na mtu akipita anaona bila hata kuinama. Kila fundi ana rangi yake. Fundi Mkuu nyeupe, Kelvin bluu, mie pinki, maana ndiyo iliyokuwa imebaki sokoni Tandika. Shomari alikuwa na kijani. Chupa yake ilikuwa bado kwenye rafu, rangi imekauka kama jiwe. Rangi ya mwenzako haiguswi, na anayepaka bila kukaza anaondoka kazini siku hiyohiyo. Fundi Mkuu aliniambia sheria hiyo mara moja tu, akanitazama mpaka nikaangalia chini.

Baada ya ile ekseli kufungwa, asubuhi zikaanza kuwa na mambo. Nilikuwaga wa kwanza kufika, nikapewa na funguo. Niliacha matairi ya mbele yamenyooka, nayakuta yameangalia kushoto. Nikasema sakafu ina mteremko. Nilitundika spana ya kumi na saba ukutani, naikuta imelala juu ya kizimba, na nikiishika ina joto. Si joto la jua, jua lilikuwa halijafika mle. Ni joto la kitu kilichotoka mkononi sasa hivi. Nikamuuliza Kelvin kama anakujaga alfajiri.

"Mie? Alfajiri nipo kwenye foleni ya bafu na wapangaji saba. Nilidhani ni wewe unayezikaza nati usiku usiku. Juzi nimeshindwa kufungua ya kwangu mwenyewe."

Tukatazamana. Kelvin akawasha redio, na kuanzia siku hiyo alikuwa anaiwasha mapema.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa mbele, kwenye usukani. Nilijisikia fahari, nakiri. Alhamisi kabla ya mashindano Fundi Mkuu akasema nati nne za tairodi, mbili za kila upande, ziwe zimekazwa kabla ya adhuhuri, atapita kukagua. Nilichelewa. Nilisikia kandambili zake zinakuja, na nati zote nne zilikuwa zimezungushwa kwa vidole tu. Nikachukua chupa nikazipiga mistari minne ya pinki, haraka, ili aone nimemaliza. Nilijua akishaondoka nitakaza, mistari itakatika, nitapaka upya. Akainama, akaangalia, akasema, "Vizuri." Akaondoka. Nikakaza ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikapaka upya kila moja. Hapo Kelvin, aliyekuwa ameomba ruhusa ofisini wiki ile, akaniita tushikiane gia boksi, ikatuchukua mpaka jioni. Ile ya nne ikanitoka kichwani kabisa.

Mashindano yalikuwa Jumamosi kwenye machimbo ya zamani yaliyoachwa, mbele ya kilima cha Wazo. Sikuwahi kufika mahali kama pale. Kila kitu ni cheupe, kuta za mawe, sakafu, majani, hata watu wakishakaa nusu saa. Saa sita mchana hakuna kivuli. Ukiongea, sauti inakwenda ukutani na hairudi. Nilisimama pembeni nikahisi kuna mtu nyuma yangu anapumua taratibu. Nikageuka. Vumbi jeupe lilikuwa na nyayo zangu tu.

Mkaguzi wa mashindano alikuwa mama mmoja mnene mwenye tochi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Bila sahihi yake gari halitoki. Akapiga magoti, akamulika mbele.

"Nani kapaka pinki?"

"Huyu binti hapa," Kelvin akasema. "Ni Spika wetu."

"Kazi safi. Kapaka kama anampeleka bibi harusi ukumbini." Akasaini.

Magari yalikuwa yanatoka moja moja kwa saa maalumu. Ukikosa dakika yako, umetoka kwenye mashindano. Tulikuwa wa nane. Kelvin akafunga mkanda, akavaa helmeti, akawasha. Bagi likatetemeka lote, na mie nimesimama upande wa kushoto, naangalia kazi yangu. Nikaziona nati mbili za kushoto. Ya ndani ilikuwa na mstari mpya, na pembeni yake kipande cha ule wa kwanza uliokatika nilipokaza. Ya nje ilikuwa na mstari mmoja, mwembamba, mzima, haujakatika.

Kwa kila mtu mwingine mstari mzima una maana nati iko salama. Kwangu ulikuwa na maana moja tu, kwamba spana haijawahi kuigusa.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mwenye bendera akanyanyua mkono, vidole vitano, vinne. Nilifikiria aibu, watu wote wale, jina la Fundi Mkuu, miezi mitano. Nasema ukweli, nilifikiria hayo kabla ya kumfikiria Kelvin. Kisha kuna kitu kikanisukuma mgongoni, kiganja kizima, vidole vimetanuka, na nikajikuta nimesimama mbele ya bagi, mikono yote miwili juu ya kizimba, bomba linanitetemesha meno.

Kelvin akazima. "Spika, una wazimu? Toka hapo."

"Nati," nikasema. "Ya kushoto. Nilipaka sijakaza."

Bendera ikashuka bila sisi. Gari la tisa likatupita, likatufunika chokaa.

Fundi Mkuu akaja na spana. Akaiweka kwenye nati, akavuta. Haikugeuka. Akavuta kwa mikono miwili. Haikugeuka. Mkaguzi akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye homa.

"Mwanangu, imekazwa hii. Umejitoa bure."

"Sijaikaza, mama. Naapa."

Fundi Mkuu akachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili kupata nguvu, akaegemea na uzito wake wote. Nati ikalia ikaachia. Akaizungusha mpaka ikatoka, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya bolti, pale ilipokuwa imefunikwa na nati. Kidole kikatoka na rangi. Ilikuwa kijani, mbichi, inanata.

Mkaguzi hakuwa na sababu ya kushangaa rangi, akafunga kitabu chake akaenda kwenye gari la kumi. Kelvin akavua helmeti akaishika tumboni. Fundi Mkuu akakaa chini palepale kwenye chokaa, anaangalia kidole chake.

"Unaijua sheria ya gereji," akasema.

"Naijua."

"Niliitunga wiki moja baada ya kumzika Shomari." Akageuza kidole juani. "Ile nati yake haikukatika. Niliipaka mie, nyeupe, sijaikaza, kwa sababu alikuwa ananiharakisha. Alipowasha injini nikakumbuka. Nilikuwa nimesimama kama ulivyosimama wewe. Nikasema moyoni, itashika."

Kelvin, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa anaondoa vumbi kwenye kioo cha helmeti, akimaliza anaanza tena.

"Umestaafu, Zuhura," Fundi Mkuu akasema. "Na mie nimestaafu. Gereji achukue Kelvin akitaka."

Ndiyo hivyo nilivyomaliza. Nyie mnaotaka kazi hii, mabomba mtajifunza, kuchomelea mtajifunza, na mtu asiye na hela anaweza kujenga bagi zuri kabisa, mie nimeliona likisimama. Nilichobaki nacho ni kidogo. Mstari ule ni neno la mtu. Dereva anaingia kwenye kizimba anaamini maneno ya watu ambao hawamo ndani naye. Kuhusu nani aliikaza nati ya kushoto, nimeeleza nilichokiona na sitaongeza. Kelvin anasema labda nilikaza nikasahau. Huwa namwacha aseme, ila kwa sasa anafungua gereji saa tatu, jua likishaingia mpaka ukutani.

Jumatatu Fundi Mkuu alinipitia nyumbani, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akasema anakwenda Tandika kwa mama yake Shomari, na anaomba nimsindikize. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote kwamba tunakwenda. Tulipofika mlangoni akanyanyua mkono kugonga, akaushusha. Akanyanyua tena, akaushusha. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio.

Nikapiga hodi mie. Mara ya kwanza haikusikika. Ya pili nikaitoa kwa sauti yangu yote.

"Karibuni," sauti ya mama ikajibu. Akafungua. Ndani viti viwili vilikuwa vimeshatolewa, vimeelekezwa kwenye kiti chake, na juu ya stuli kulikuwa na glasi mbili za maji.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, binti. Mmechelewa sana." Hakuwa ananitazama mie. "Haya, kaa, baba. Niambie mwenyewe."

Fundi Mkuu akavua kofia, akakaa, akaanza kusema.